Jirani Asema "Utakachojaliwa": Nimlipe Kiasi Gani kwa Kumlea Mwanangu?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi kumi, ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na ni karani wa stoo maeneo ya Ubungo. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha, jirani wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima ambaye watoto wake wote wamekwisha kujitegemea, alinihurumia akaniambia niwe ninampelekea mtoto ninapokwenda kazini. Nilipomuuliza nimpe kiasi gani, alicheka akasema, "Utakachojaliwa, mwanangu. Huyu si mjukuu wangu?"

Tangu siku hiyo ninamwacha mtoto saa 12:30 asubuhi na kumchukua saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku nikiwa nazo humpa shilingi 2,000, siku nyingine simpi kitu, na kwa mwezi jumla haivuki 30,000. Sikukuu nilimpelekea doti ya kanga na sukari kilo mbili. Hivi karibuni ameanza kunipokea kwa uso mzito, na mpangaji mwenzangu amenidokeza kwamba analalamika kuwa tangu mtoto aanze kutambaa ameshindwa kukaanga vitumbua alivyokuwa akiuza asubuhi. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na kibanda chake kipo mtaani kwetu, anasema jirani halipwi mshahara, kwa kuwa pesa huvunja ujirani. Mshahara wangu ni shilingi 420,000. Nimlipe kiasi gani bila kumvunjia heshima na bila sisi wenyewe kulala njaa? Mama Mwenye Mashaka, Kimara.

JIBU: Mama, pole kwa mashaka, na hongera kwa kuuliza kabla uso mzito haujawa mlango uliofungwa. Nitaanza na neno lenyewe lililokutega. "Utakachojaliwa" ni adabu ya mtu mzima ambaye haoni vyema kumtajia bei mzazi aliyefika kwake na kichanga mgongoni, na wewe umeisikia kana kwamba ni bei ndogo. Mtu aliyekujibu hivyo amekuachia kazi ya kuhesabu, akitumaini kwamba utaifanya kwa haki. Miezi saba imepita na kazi hiyo hujaifanya, kwa hiyo tuifanye hapa pamoja.

Mtoto wako hukaa kwa jirani saa kumi na moja na nusu kila siku, ambazo kwa siku tano ni saa 57 na nusu kwa wiki, na kwa mwezi ni takribani saa 249. Ukigawa shilingi 30,000 kwa saa hizo unapata kama shilingi 120 kwa saa, pungufu ya nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, ambayo ni shilingi 200. Sisemi hivyo ili kukuaibisha, kwa maana najua wazazi wengi wanaolipa chini ya hapo na hawajawahi kukaa na kalamu. Ila ukiisha kuiona hesabu hiyo, uso mzito wa jirani haukushangazi tena.

Sasa tutafute mahali pa kuanzia. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri wake shilingi 120,000 kwa mwezi, na yule anayelala na kula hapo shilingi 60,000. Viwango hivi hurekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi iliyo karibu nawe ni kipi kinachotumika leo. Jirani yako hukuandikiana naye mkataba wa ajira, tena mtoto analelewa nyumbani kwake, kwa hiyo sikitumii kiwango hicho kama hukumu. Ninakitumia kama kipimo, kwa sababu kazi anayoifanya ni ileile na haifai kuthaminiwa chini yake kwa kuwa tu mlango wake uko karibu na wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Shilingi 120,000 kwa saa 45 za wiki ni kama shilingi 615 kwa saa, na kwa saa zako 57 na nusu hesabu inafika karibu shilingi 153,000 kwa mwezi.

Najua kiasi hicho kimekushtua, maana ni zaidi ya theluthi ya mshahara wako. Kabla hujalifunga gazeti, rudi kwenye habari ya vitumbua, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha barua yako ingawa wewe umeipitisha kama umbea wa mpangaji. Mtoto wa miezi mitatu analala, ananyonya chupa, analala tena, na mlezi anaweza kukaanga, kufua na kuzungumza na wateja mlangoni. Mtoto wa miezi kumi anatambaa kuelekea kwenye jiko la mkaa, anaishika ndoo ya maji, anauvuta mkono wa karai lenye mafuta yanayochemka. Mama huyo alifanya jambo la busara, akazima jiko ili mwanao asiungue. Kwa hiyo kila asubuhi anakulelea mtoto na papo hapo anapoteza faida aliyokuwa akiipata kwa wateja wa chai, na wewe elfu mbili zako za siku ukiwa nazo hazijaifidia. Malipo yaliyotosha mtoto akiwa na miezi minne hayawezi kutosha akiwa na miezi kumi, kwa kuwa kazi yenyewe imebadilika.

Hapa ndipo mume wako anapoingia, naye nina neno naye. Anasema pesa huvunja ujirani, lakini kibanda chake kipo mtaani hapohapo, na kwa desturi mafundi cherehani hawapati wateja alfajiri. Kama anaweza kubaki na mwanawe hadi saa 3 asubuhi, akampa uji, akambadilisha nepi, kisha ndipo akampeleka kwa jirani, mambo mawili yanatengemaa kwa mpigo. Jirani anarudi kwenye vitumbua vyake, kwa kuwa biashara hiyo huwa imekwisha saa hiyo, na muda wa kulea unapungua hadi saa 9 kwa siku, yaani saa 45 kwa wiki, ambazo thamani yake kwa kipimo chetu ni shilingi 120,000 kamili. Ushauri wangu ni huo: saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa shilingi 120,000. Ikiwa baba hawezi, basi mjue kwamba mnanunua saa mbili na nusu za ziada kila siku, na mzilipie.

Kiasi hicho ni cha kazi peke yake. Unga wa lishe, maziwa, pampasi, sabuni ya kufulia nguo za mtoto na dawa alizoandikiwa vitoke kwako, tena vifike kabla havijaisha, kwa kuwa mlezi anayelazimika kukopa unga dukani kwa ajili ya mtoto wako anajilipia mwenyewe kazi aliyokufanyia. Kanga na sukari za sikukuu ziendelee, lakini zisihesabiwe katika malipo hata kidogo. Zawadi inayotolewa mahali pa ujira humfunga mdomo anayeipokea, kwani hawezi kudai zaidi bila kuonekana kwamba amedharau doti uliyompelekea.

Namna ya kulisema jambo hili ina uzito kama kiasi chenyewe. Nendeni wote wawili, jioni, mtoto akiwa ameshachukuliwa, na msimtumie mpangaji yule aliyewaletea maneno. Baada ya shikamoo, usimuulize tena anataka kiasi gani, kwa sababu atakujibu vilevile. Mwambie, "Mama, tumekaa na baba yake tukaona kwamba kazi unayotufanyia ni kubwa kuliko tulivyokuwa tukiishukuru. Tumepanga kukupa laki moja na ishirini kila tarehe ya mshahara, na asubuhi baba yake atakaa naye hadi saa 3 ili wewe ufanye shughuli zako. Je, tumekosea mahali?" Swali hilo la mwisho ndilo litakalompa nafasi ya kusema ya moyoni bila kuonekana ana tamaa. Mkisha kuelewana, malizeni mambo madogo palepale: ukichelewa na foleni utampigia simu, na ukizoea kuchelewa utaongeza, siku za sikukuu na siku unapoamua mwenyewe kubaki na mtoto hutamkata, akiugua yeye, atakuarifu mapema kadiri awezavyo, na atakayetaka kuacha atoe taarifa ya wiki mbili. Andika tarehe na kiasi unacholipa kwenye daftari, au lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Huenda 120,000 ikawashinda kwa sasa. Basi anzeni na 100,000 na mtaje mwezi ambao mtafikia kiwango kamili, mkiutaja mbele yake, kwani mtu huvumilia upungufu ulioelezwa kuliko ukimya. Vilevile, sheria niliyoitaja inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha apate hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Ikiwa bado unanyonyesha, zungumza na mwajiri wako ili utoke mapema, na kila saa utakayoirudisha nyumbani itapunguza mzigo wa jirani. Kuhusu miezi saba iliyopita, sikushauri uigeuze kuwa deni la kulipa kidogo kidogo, kwa kuwa utamtia aibu. Mpelekee kiroba cha mchele wa vitumbua siku atakayowasha jiko tena.

Nakuonya pia dhidi ya njia mbili ambazo watu watakushauri. Ya kwanza ni kumleta binti mdogo kutoka kijijini kwa kuwa "atakuwa rahisi": sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Ya pili ni kumtafutia jirani watoto wengine watano ili gharama igawanyike. Mtoto mmoja zaidi, kwa ridhaa yake, si tatizo na anaweza kuwapunguzia nyote wawili. Lakini nyumba inayojaa watoto wa watu inakuwa kituo cha kulelea watoto mchana, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya aina hiyo visajiliwe. Mbali na sheria, mikono miwili haitoshi kuwazuia watambaao sita wasifike jikoni.

SWALI: Jirani yangu alikaa na wanangu wawili usiku mmoja tulipokwenda harusini, akakataa shilingi 10,000 niliyompa. Je, nimlazimishe? Baba Wawili, Tanga.

JIBU: Usimlazimishe. Usiku mmoja wa harusi ni msaada wa jirani, na malipo yake ni wewe kukaa na wanawe siku atakapokuwa na safari, au kumpelekea sahani ya pilau ya harusi hiyohiyo ikiwa mlibeba. Mkianza kuitwa harusini kila Jumamosi, na kila Jumamosi yeye ndiye anayebaki na watoto, soma tena jibu nililompa mama wa Kimara.