Leza yako haijafa, safisha lenzi

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Mbagala kaniandikia inbox wiki hii. Pointa yake ya leza, ile ya kijani, haitoi nukta tena. Inatapakaa ukutani kama yai lililopasukia kikaangoni. Fundi kamwambia dayodi, yaani kile kijidude cha ndani kinachotoa mwanga, imekufa, anunue pointa nyingine. Hayo maneno nayajua sana.

Mimi ni mkufunzi wa semina, na pointa ndiyo fimbo yangu. Kuna mwaka nilialikwa kufundisha watu wa ofisi fulani kwenye hoteli moja mjini, siku mbili. Suti imenyooka, slaidi zimekaa sawa. Nawasha leza nioneshe mstari mmoja kwenye jedwali, inawaka mistari mitatu kwa mpigo. Jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, hapo unaonesha upi?" Ukumbi mzima kicheko. Jioni mwandaaji akanipigia, "Kaka, kesho pumzika tu, tumepata mtu." Pumzika! Inaniuma mpaka leo, na kama unasoma hapa, ndugu yangu, ujumbe umefika.

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi hakuifungua hata kidogo. Aliiwasha kwenye kiganja, akaguna, akanitajia bei ya mpya. Nikarudi nayo Kimara, nikatoa betri, nikamulika lenzi kiubavuubavu kwa tochi ya simu. Ilikuwa na alama ya kidole, nzima, hadi michirizi unaiona. Pembeni nyuzi za mfukoni na utando mweupe. Tunaishi Dar, jamani: jasho, vumbi, upepo wa chumvi, na ukitoka ukumbi wenye AC ukaingia kwenye joto la nje, lenzi inapata ukungu papo hapo. Mwanga ukikutana na mafuta na vumbi unatawanyika. Fundi angeangalia tu angeona.

Sasa fanya hivi, mwalimu. Betri nje kwanza, usinibishie. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kuwa ilipima pointa 122, na karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikukidhi masharti ya usalama. Lebo inaweza kusema nguvu ya mwanga ni chini ya miliwati 5 na ndani kuna kitu kikali zaidi kabisa. Macho huyapati Kariakoo.

Halafu puliza vumbi. Si kwa mdomo, utaongeza mate. Nenda duka la dawa ununue kile kifyonza kamasi cha watoto, kipya, kibonyeze hewani mara kadhaa kitoe unga wake, ndipo upulizie lenzi. Ukiruka hatua hii ukaanza kusugua, chembe za mchanga zitaichora lenzi, maana lenzi nyingi za pointa ni za plastiki.

Kisha pamba za masikio na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi, ikikauka inaweza kuacha madoa. Sanitaiza nyingi zina gliserini, zitakuachia utando mwingine. Ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiisogeze kabisa, inayeyusha plastiki. Tone liende kwenye pamba, si kwenye lenzi, lisije likapenya ndani. Anza katikati, zungusha kwenda nje bila kukandamiza, tupa, chukua nyingine kavu. Na usisugue kwa shati. Narudia: si kwa shati, si kwa kanga, si kwa tai.

Yangu ni ileile niliyoambiwa imekufa, na mwezi uliopita imenifanyia semina nzima Posta, nukta kali kama siku ya kwanza. Vijana wa mji huu tumezoea vibaya: kitu kikififia kidogo, mbio dukani. Mtu hajui hata kifuniko cha pointa yake kiko wapi, analalamika maisha magumu! Tunza ulicho nacho kwanza.

Ukimaliza kusafisha na bado inatapakaa, badilisha betri. Ikigoma tena, hapo fundi ana haki ya kuongea: pointa nyingi za kijani zina vifuwele ndani vinavyogeuza mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kuwa kijani cha nanomita 532. Vikisogea mahali pake, pamba yako haivifikii.