Lori la mafuta likipinduka mtaani

SWALI: Mimi ni mjumbe wa shina hapa Moshi. Nyumba zetu zinapakana na barabara kuu iendayo Himo, na malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Tujipange vipi?

JIBU: Anzeni na mtaro. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kufuata mtaro hadi kwenye jiko la mama lishe aliye mbali na lori. Moto ukiwaka pale, hurudi ulikotoka. Tembeeni mtaani, mchore ramani ya mitaro, majiko, shule, na wazee wasioweza kutembea wenyewe. Kila mzee apangiwe mtu wa kumtoa, na mwingine wa akiba.

Siku ya ajali, pigeni 114, Zimamoto. Someni kwa mbali kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori: namba ya chini 1203 ni petroli, 1005 ni amonia. Watajieni Zimamoto namba hiyo. Kwa petroli, ondoeni watu angalau mita 50 pande zote. Mafuta yakimwagika mengi, mita 300 upande upepo unakoelekea. Tangi likishika moto, mita 800. Zimeni majiko, bodaboda zisiwashwe.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuzuia watu wenye madumu wanaokuja kuchota mafuta. Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa hivyo. Chagueni mapema watakaofunga njia, wenye filimbi, wanaosikilizwa na vijana. Mkutano wa mtaa uwapitishe kwa majina.