Unga wa lishe wa nafaka sita, na kosa langu la kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya lishe hapa Mwanza, kabla hamjasimama mbele ya akina mama kliniki, tuzungumze kidogo habari za unga wa lishe.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha Misungwi: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano, saga pamoja, mtoto apewe uji. Nilijiona fundi. Kumbe zote sita ni nafaka, na kilema chao ni kimoja: laisini kidogo. Hiyo ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, ambayo mwili hauitengenezi, lazima iletwe na chakula. Mahindi yana protini kama asilimia 9, lakini sehemu kubwa ni zeini, akiba ambayo mmea umeuwekea mche wake, na zeini karibu haina laisini kabisa. Changanya nafaka hata kumi, pengo liko palepale.

Pengo hilo linazibwa na jamii ya kunde. Maharage, choroko na dengu kavu zina protini kati ya asilimia 20 na 25, na laisini ya kutosha. Zenyewe zimepungukiwa methionini, asidi amino nyingine, ambayo nafaka inayo. Makande ya bibi zetu, mahindi na maharage pamoja, yalishamaliza hesabu hiyo zamani. Mimi husema vikombe vitatu vya nafaka kwa kimoja cha kunde.

Karanga akina mama wataziulizia tu. Zina mafuta na nguvu, ila kwa laisini hazifikii maharage, tena zikisagwa ndani ya unga wa kuweka, unga unachacha upesi. Zilizoota ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi kwa kukaanga wala kuchemsha.

Soya ndiyo inayotuponza. Ina protini nyingi kuliko zote hizi, lakini ikiwa mbichi inazuia usagaji wa protini tumboni. Ichemshwe, ianikwe, ndipo iende mashineni. Maharage nayo yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli, yasiyoiva yanatapisha.

Penye ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, mkazo uongezeke, maana muhogo hauna protini ya maana. Hapo kunde au dagaa wa soko la Mwaloni hawakosekani kwenye ushauri wangu.

Halafu pitieni sokoni kwanza. Huko Kwimba mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, soya ninunue ya nini, na choroko ninazo debe zima ndani?" Nilichukua kalamu, nikaifuta soya kwenye karatasi yangu.