Fuko na foraminifera: nani hustahimili zaidi kukosa oksijeni?

SWALI: Nimesoma kwamba fuko asiye na manyoya huweza kukaa bila oksijeni na asife. Je, anaweza kulinganishwa na foraminifera, kiumbe wa baharini mwenye seli moja?
Msomaji, Isiolo

JIBU: Anaweza, ingawa njia zao ni tofauti kabisa. Fuko huyu, anayeishi kwa makundi chini ya malkia mmoja katika mashimo ya nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, alistahimili dakika 18 bila oksijeni katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017: mapigo ya moyo yalipungua, akapoteza fahamu, na mwili wake ukageukia sukari ya fruktosi, ambayo ubongo huweza kuitumia pasipo oksijeni. Hiyo, hata hivyo, ni hatua ya dharura tu, kwani hewa isiporudi mapema atakufa. Baadhi ya foraminifera wa matopeni wananistaajabisha zaidi. Wengi ni wadogo kama punje ya mchanga, wakiwa na maganda ya chokaa, na mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba wamo wanaolimbikiza naitreti (kemikali yenye nitrojeni na oksijeni) ndani ya seli na kuitumia kupumua badala ya oksijeni, huku wakiendelea na maisha yao kama kawaida.