Oili ya giaboksi inachemka, fundi anataka kufungua

SWALI: Trekta yangu ya nguvu farasi 75 inavuta tela la mkonge kutoka shambani hadi korona (mashine ya kuchakata mkonge). Ikifanya kazi saa mbili hivi, taa ya joto la oili ya giaboksi inawaka na hodroliki inalegea. Oili na filta nimeshabadilisha. Fundi anasema gia zimekula, tufungue. Ushauri wenu?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Msifungue bado. Gia zilizokula hupiga kelele na huacha vipande vya chuma kwenye nati ya kumwagia oili. Muulize fundi alikuta nini alipoimwaga.

Hodroliki kulegea kunaonyesha kwamba oili hiyo hiyo moja inahudumia gia, hodroliki na breki za ndani, kwa hiyo joto linaweza kutoka kokote kati ya hivyo vitatu. Soma kwanza debe la oili uliyoweka: liwe limeandikwa UTTO (oili moja ya trekta kwa gia, hodroliki na breki), tena daraja linalotajwa kwenye kitabu cha trekta. Oili 90 ya kawaida ya gia ni nzito mno kwa pampu na haizifai breki hizo. Kisha pima kina trekta ikiwa mahali tambarare, mikono ya nyuma ya kuinulia zana imeshushwa, injini imezimwa. Oili iliyozidi nayo huchemka, kwa kuwa gia huipiga hadi ikatoa povu.

Tunachokishuku zaidi ni mikono ya nyuma. Madereva wa tela huipandisha hadi mwisho isigonge mlingoti wa tela, wakaiacha hivyo safari nzima. Wenzo wa kuipandishia ukivuka kikomo, pampu inasukuma bila kupumzika na oili inatoroka kupitia valvu ya usalama. Pampu ya lita 40 kwa dakika ikisukuma kwa baa 180 inamwaga kilowati 12 za joto ndani ya oili. Sikiliza chini ya kiti: kukiwa na mluzi au mngurumo mzito, shusha wenzo kidogo hadi ukome. Angalia pia wenzo wa mipira ya nje ya hodroliki usiwe umekwama.

Breki ndiyo inayofuata. Endesha bila kugusa pedali, kisha pima joto la nyumba za ekseli kwa kipimajoto cha mwanga, wala usitumie kiganja. Upande uliozidi mwenzake waziwazi, breki yake inashika. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, achia breki ya mkono, inua upande huo kwa jeki na stendi, uzungushe gurudumu gia ikiwa huru.

Mwisho ni rejeta ya oili, iliyo mbele ya ile ya maji. Nyuzi na vumbi la mkonge huiziba. Ipulize kwa upepo kutoka upande wa injini. Bomba la kuingia na la kutoka yakilingana kwa moto, hewa haipiti. La kutoka likiwa baridi huku giaboksi inaunguza, oili ndiyo haipiti.

Yote yakiwa sawa, fundi afunge geji ya presha apime pampu kabla ya kugusa gia. Na oili iliyokwisha kunuka kuungua imwagwe, hata kama ni mpya.