AC za spoti za zamani: gesi yako haiishi, inavuja

Kaskazi imeingia na maswali yamejaa, na mengi ni lile lile moja: AC haipoozi, nijaze gesi gani. Nimechagua machache. Mengine yana jibu refu mana yanastahili, mengine nitayapitia haraka.

Nina Porsche 911 SC ya 1982, niko Nyali. Nikielekea Malindi AC inapooza vizuri kabisa, nikirudi nikakwama kwenye foleni ya daraja inageuka feni ya hewa moto. Nimejaza gesi mara tatu tangu mwaka uanze. Nifanyeje?

Kwanza acha kujaza gesi. Umejaza mara tatu maana yake imetoka mara tatu, na katika mafundi wote hao hakuna aliyejiuliza imetokea wapi. Gesi ya AC si petroli, ndugu yangu, haichomwi, inazunguka tu, na sistimu ikiwa nzima inakaa miaka bila kuguswa. Ikipungua imevuja, hakuna jengine.

Gari lako lina maradhi mawili yamelaliana. La kwanza ni hilo la kuvuja, na kwenye 911 huhitaji kupiga ramli. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, iko nyuma na injini, kulingkoili, ile inayopooza hewa ya ndani, iko mbele chini ya kioo, kwa hivo paipu zinasafiri gari zima kwenda na kurudi, mita nyingi za mpira, na mpira wa enzi zile haukuwa na ngozi ya nailoni ndani. Mpira wa namna hio gesi inapita kwenye nyama yenyewe hata pasipo na tundu, na R134a, gesi tunayojaza sasa, ina molekuli ndogo kuliko R12, gesi iliyokuwa mle mwanzo, kwa hivo inatoka haraka zaidi. Utabadilisha oringi zote na bado miezi mitatu uko pale pale. Lala chini ya gari na tochi, angalia pale mpira unapobanwa na kichwa cha chuma, ukiona vumbi limeganda jeusi lina mafuta basi hapo gesi inatoka na mafuta ya kompresa yanatoka nayo. Badilisha paipu zote ziwe za mpira wenye ngozi ndani. Nasema zote, sio ile iliyochoka peke yake, mana zote zina umri mmoja.

La pili ndilo linalokusumbua kwenye daraja. Watu wanadhani AC inatengeneza baridi. AC inabeba joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje, na pahali pa kulitupia ni kwenye kondensa, basi. 911 yako ina mbili, moja iko mbele chini ya bampa na feni yake ndogo, nyengine imelala kwenye boneti ya nyuma, juu kabisa ya injini. Hio ya nyuma inategemea feni ya injini ivute hewa, na ukisimama kwenye foleni injini inazunguka taratibu, hewa inayopita ni kidogo, na joto la injini linapanda pale pale. Ni kama kuanika nguo juu ya jiko ukitarajia zipoe. Ukiwa na mwendo kondensa ya mbele inapata upepo na mambo yanakwenda, ukisimama joto halina pa kutoka, linarudi kwako ndani.

Hakikisha mwenyewe. Gari limesimama, AC imewaka, chukua chupa ya kunyunyizia maji uinyunyizie ile kondensa ya mbele. Hewa ya ndani ikianza kupoa ndani ya dakika moja mbili, gesi haina kosa, kinachokosekana ni kondensa. Mwenye geji atazame presha: nje kukiwa na nyuzi 32 presha ya juu kwa R134a iwe kama psi 200 hadi 230, ikipita 300 kila ukisimama jibu unalo.

Dawa ni kondensa ya kisasa ya mirija bapa hapo mbele badala ya ile ya mirija ya mviringo, alafu uongeze ya tatu ndani ya fenda ya nyuma kushoto, iwe na feni yake yenyewe. Hio ya fenda ndo itakuvusha daraja. Feni zote zipitie rileyi na waya mpya kutoka betri, usizidandize kwenye waya wa miaka 40. Na weka swichi ya presha inayokata kompresa gesi ikipungua au presha ikizidi na kuwasha feni inapohitajika, mana kompresa ikizunguka bila gesi haina mafuta, na haina siku nyingi.

Hukuniuliza hili lakini nakwambia. 911 yako haina maji ya kupozea injini, hita yake inachukua hewa iliyozunguka egzosi. Vile vilango vya hita vikichoka havifungi sawasawa, hewa moto inaingia miguuni mchana kutwa na AC inapigana nayo. Peleka mkono karibu na matundu ya hita chini wakati hita imefungwa, ukihisi joto anza hapo kabla hujanunua chochote. Na ukinusa moshi ndani usifunge vioo, usiendeshe gari hilo hata kidogo mpaka litengenezwe, moshi wa egzosi unaua mtu akiwa anasinzia.

Gesi gani nzuri?

Hili linaletwa kila wiki bila gari, bila mwaka, bila chochote. R134a. R12 ilianza kuwekewa kikomo na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inakula ozoni, na tangu 2010 hata nchi zetu haziruhusiwi kuitengeneza, kwa hivo anaekuuzia mtungi "mpya" wa R12 leo muulize umetoka wapi na ndani mna nini. Mkiuliza tena tajeni gari, mwaka na aina ya kompresa, nawaomba sana.

Niko Maskati, 911 ya 1977 bado ina kompresa ya York. Nikiweka Sanden itapooza zaidi?

Badilisha, ila usitarajie hilo. York ni pistoni mbili, nzito, inatikisa injini ukiwa umesimama hadi usukani unausikia. Sanden ya pistoni tano au saba ni nyepesi, inazunguka laini, na injini haishtuki klachi ikishika. Utapata utulivu na utapunguza uzito nyuma, ambako 911 haihitaji uzito wowote wa ziada. Lakini baridi ni hesabu nyengine. Ukiweka kompresa yenye nguvu na kondensa zikabaki zile zile unachopandisha ni presha tu, na kwa joto la Maskati la kiangazi presha ikipanda hivo paipu itapasuka au klachi itaungua. Kondensa kwanza, kompresa baadae.

Na ukifungua sistimu fanya kazi yote. Mafuta ya zamani ya R12 ni ya madini, hayatembei na R134a, yatajilalia kwenye kulingkoili na kompresa ikauke. Mafuta hayo yatoke, kulingkoili ioshwe, draya, ile inayonyonya unyevu, iwe mpya ya kufaa R134a, oringi zote mpya. Vuta vakyumu sio dakika kumi za haraka haraka, vuta dakika 45 au zaidi alafu uiache uone kama sindano inarudi. Jaza kwa mzani, anza kama asilimia 80 ya uzito wa R12 ulioandikwa, alafu uongeze kidogo kidogo huku ukitazama geji, kwa sababu ukishaongeza kondensa namba ya kwenye kibandiko haikuhusu tena.

Fundi wangu amenishauri gesi ya kupikia, anasema inapooza kuliko hizo za dukani na ni bei nafuu.

Mtoe kwenye gari lako leo.

Ni kweli inapooza, ndo mana inadanganya watu. Lakini kulingkoili iko kwenye njia ya hewa unayoivuta, siku ikitoboka ile gesi inakuja moja kwa moja kwenye kabini mlikokaa mmefunga vioo, na cheche ndogo ya swichi inatosha. Kwenye 911 tanki la petroli liko huko huko mbele, limepakana na hio kulingkoili. Mwaka juzi nililetewa gari, nikafungua kifuniko cha kujazia nikasikia harufu ya jikoni, ile ile ya mtungi ukiachwa wazi, na mwenye gari amesimama ubavuni mwangu na sigara inawaka mkononi. Hakuna aliyemwambia amejaziwa nini. Nilimsukuma nje kabla sijasema neno, na mpaka leo nikiikumbuka mikono inanitetemeka. Mnaofanya hivi mjue mnaweza kuchoma watu wakiwa hai.

Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z, niko Nairobi. Haijawahi kuwa na AC. Kuna mtu anataka kuniuzia seti ya kompresa ya umeme, anasema haihitaji mkanda wala puli.

Pole kwa baba, na hongera, amekuachia gari la heshima. 240Z ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973, hilo gari limeonja vumbi letu.

Kompresa ya umeme ya volti 12 usinunue. Ikifanya kazi sawasawa inaweza kula ampea 60 na zaidi, alteneta ya asili ya gari hilo ni ndogo na bado kuna taa, waipa na feni, kwa hivo betri itakuwa inalia kila ukisimama kwenye taa. Ukiweka ndogo isiyokula umeme haitapooza kitu. Injini yako ya L24 ni silinda sita zimejipanga mstari mmoja na nafasi ipo, Sanden ya mkanda inakaa vizuri kwa breketi, na kondensa inakaa mbele ya rejeta. Rejeta izibuliwe kwanza na uweke feni ya umeme, mana kondensa inairushia rejeta hewa iliyokwisha pata joto.

Na angalia valvu ya maji ya hita. Ikiwa haifungi vizuri maji moto ya injini yanazunguka nyuma ya dashibodi siku nzima na wewe utalaumu AC. Jaribio la bure: funga kwa muda ule mpira wa hita uone kama miguu inapoa. Nairobi yenyewe haina joto la pwani, huenda valvu, glasi zenye filamu nzuri na sponji ya kuzuia joto chini ya kapeti vikakutosha usitoboe gari la mzee hata tundu moja.

911 Carrera 3.2 ya 1986, Dar. Inapooza sana nusu saa ya kwanza, baadae hewa inapungua kabisa hata feni ikiwa mwisho. Nikizima dakika kumi inarudi. Nimeambiwa gesi imepungua.

Gesi haijapungua, gesi ikipungua hairudi kwa kupumzika. Kulingkoili inaganda barafu, hewa inakosa pa kupita, ukizima barafu inayeyuka. Thamostati ina kiwaya chembamba cha shaba kinachotakiwa kuchomekwa katikati ya mabati ya kulingkoili kihisi baridi yake ili kikate kompresa kabla haijaganda. Niliyoifungua mara ya mwisho yenye tabia kama ya kwako, kiwaya kilikuwa kinaning'inia hewani, kimekunjwa vizuri kabisa na kufungwa na kamba ya plastiki. Aliyeosha kulingkoili alikitoa hakukirudisha. Kazi ya robo saa, na mwenye gari alikuwa ameshauziwa kompresa.

Maji yanamwagika kwenye kapeti upande wa abiria.

Mpira wa kutolea maji umeziba. Zibua.

Nikiweka hizi za kisasa si nitaharibu thamani ya gari?

Ukitoboa bodi, ndio. Ukitumia matundu na breketi zilizopo, hapana. Kila kilichotoka, kompresa ya zamani, kondensa, hata boliti, kipanguse, kipake mafuta kidogo, uzibe midomo ya paipu na vifuniko, uandike karatasi na uweke kwenye boksi lipande na gari likiuzwa. Na usikubali mtu akujazie ile dawa ya kuziba matundu ya AC ya kwenye kopo, inaganda kwenye ekspansheni valvu, ile inayopimia gesi kuingia kulingkoili, na ndani ya kondensa mpya, na fundi wa baadae akiunganisha mashine yake inaingia humo nayo ikaharibika. Mimi gari lenye dawa hio silipokei mpaka mwenyewe akubali kubadilisha kila kitu.