Barua kwa mwanangu: wavu wako unamzuia kuku, mwizi haumzuii

Malindi, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na za wajukuu nimezipokea. Umeniandikia kwamba hapo Gede vifaranga saba wametoweka kwa siku nne, wote mchana, kisha Ijumaa asubuhi ukakuta mitetea wawili wamekufa kando ya wavu, miili mizima, vichwa hakuna. Unauliza uweke sumu au utafute mbwa.

Sumu hapana, nitakueleza. Mbwa si sasa. Kwanza ujue hao ni wezi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa mchana ni nguchiro au mwewe. Mwewe ana kelele: kuku mama hulia ghafla, wote wakakimbilia vichakani, na anayechukuliwa huchukuliwa mahali peupe, mmoja kwa wakati. Nguchiro hapigi hodi. Hupita kando ya ua, chini ya majani, na unakuja kugundua unapohesabu jioni. Mayai akiyapata huyapasua, utakuta maganda. Ukikuta mayai yamepungua na ganda hata moja hakuna, mfikirie kenge au nyoka, maana hao humeza zima.

Wa usiku, kwa ulivyoeleza, ni kanu (mnyama afananaye na paka, si kile chama cha siasa) au paka shume. Kuku hulala wameegemea wavu, mnyama akamshika kichwa kupitia tundu na kukivuta. Mwili haupiti, unabaki ndani. Ndiyo maana nasema wavu wako haufai: ule wa matundu ya pembe sita umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Waya wake ni mwembamba, na hewa ya chumvi huku kwetu huula upesi, mwishowe hata paka huupasua. Na usimsingizie kila mnyama wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna nguchiro wa msituni mwenye mkia wa manyoya mengi, hutembea usiku pia, lakini chakula chake hasa ni wadudu.

Ukitaka uhakika, leo jioni tandaza majivu au mchanga laini upana wa futi mbili kuzunguka banda, usawazishe kwa ubao. Asubuhi soma. Nyayo kama za paka, bila alama za kucha, ni kanu au paka. Vidole vitano na kucha mbele yake ni nguchiro. Mchirizi wa mkia katikati ya nyayo ni kenge.

Sasa banda. Nunua wavu wa mraba wa nusu inchi, uliochomelewa kwenye viungo na kupakwa zinki. Inchi moja haitoshi. Tundu linalopitisha kidole gumba, panya hupita, na panya hubeba kifaranga. Upigilie kwa nje ya nguzo, si ndani, ili mnyama akisukuma aubane kwenye mti badala ya kuung'oa. Misumari ya U kila inchi nne, kisha juu yake upigilie ufito wa ubao. Watu wengi huweka wavu mzuri na misumari sita, halafu wanalaumu wavu.

Ardhi ya Gede ni ya mchanga, kwa mnyama kuchimba ni kazi ya dakika chache. Sakafu ya saruji ni nzuri, lakini kama fedha haijafika, tandaza wavu kwa nje. Banda lako ni futi 8 kwa 6, mzunguko futi 28. Ongeza futi 6 za kuziba pembe, jumla futi 34. Chukua wavu wa upana wa futi 3, ukate kwa urefu vipande viwili vya futi moja na nusu, kwa hiyo futi 17 za wavu zinakutosha. Kunja inchi 4 zipande ukutani na uzipigilie. Inchi 14 zilale chini kuelekea nje. Funika kwa udongo na mawe ya matumbawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusana na ardhi. Akikuta waya hujaribu pembeni yake, hafikirii kurudi nyuma na kuanzia mbali. Kwenye pembe ndiko watu hukosea: usiache wazi, funga vipande kwa waya laini wa kufungia.

Juu usisahau. Makuti ni mazuri kwa joto, ila kanu hupenya na nyoka hukaa humo. Pigilia wavu uleule chini ya makuti, uungane na wa ukutani bila mwanya. Tawi la mkorosho linaloning'inia juu ya paa likate, libaki mbali na paa angalau mita mbili. Matundu ya hewa nayo yafunikwe.

Mlango uwe na kizingiti, na mwanya wa chini usizidi nusu inchi. Komeo moja huachia upepo wa kusi ukivuma, kwa hiyo weka mawili, juu na chini, na kufuli kwa wezi wa miguu miwili. Adhana ya magharibi ikilia kuku wawe ndani na mlango umefungwa. Ukichelewa mpaka isha, kanu ameshatoka. Kijiti cha kulalia kiwe mbali na wavu, angalau futi moja na nusu, basi hakuna tena kichwa cha kuvutwa.

Vifaranga wasiachiliwe kabla ya wiki nane. Wajengee kizimba chenye wavu juu, ukihamishe kila siku kwenye majani mapya. Kwa uwanja wa wakubwa, omba wavuvi nyavu kuukuu uzitandaze juu kwa urefu wa kichwa; mwewe na kunguru hawapiti. Zikaze vizuri, maana zikilegea nyoka hunasa. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ili mwewe awaogope, na wengine huning'iniza vitu vya kumetameta. Ndege huvizoea.

Mayai yaokote mara mbili, adhuhuri na alasiri. Pumba na mahindi yakae kwenye pipa lenye kifuniko, na kilichomwagika ukifagie kabla ya giza. Chakula huleta panya, panya huleta nyoka. Ukiona fira bandani usishike fimbo. Watamu kuna Bio-Ken wanaowajua nyoka, waite.

Mvua za masika zikianza, siafu hutoka usiku na wanaweza kumuua kuku anayeatamia, kwani hakubali kuacha mayai. Ukiwa na banda lililoinuliwa, nguzo zake zisimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, na majani yasiguse ukuta, maana jani moja ni daraja.

Kuhusu sumu: nguchiro haili peke yake. Paka wa jirani, kunguru na mbwa wataila pia, na mtoto akiiokota je? Tena Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuruhusu. Wale mitetea wawili wazike chini sana, usiwatupe, maana mwizi hurudi aliposhiba. Nguchiro asiyekimbia mtu usimguse, huenda ana kichaa cha mbwa. Akimuuma mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Ukiwa na fedha kidogo mwezi huu, anza na mahali wanapolala tu. Uwanja utasubiri, vifaranga wakae kizimbani. Kanga wawili ukiwapata kwa bei nzuri chukua, maana wakiona kitu kigeni hupiga kelele hata Malindi tutasikia. Mbwa tutamzungumza ukishaziba matundu.

Nijulishe majivu yameonyesha nini.

Wasalaam,
Mamako